Maharage ya Mke wa Mwenyekiti

Niragira hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni pa Deodata na bakuli la maharage kalishika kwa mikono miwili, macho chini. Maharage yenyewe yalikuwa ya tangu jana asubuhi. Yalikuwa yamepauka, maganda yamekunjamana, na ukilibonyeza moja kwa kidole lilikurudishia kidole chako.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umesimama? Ingia."

"Bwana amenituma," alisema Niragira. "Amesema nije kwako na haya mahalage unionyeshe yanavyopikwa. Harafu amesema nisirudi nyumbani mpaka nijue."

Niragira alizaliwa Kanazi, Ngara, na ulimi wake wa Kihangaza haukuona sababu ya kutenganisha r na l. Alikuwa bado hajamaliza mwaka tangu aolewe na Bukuru hapa Biharamulo. Jana Bukuru alikuwa ameyamwaga maharage mengine uani, mbele ya wageni wake, akawaita kuku. Kuku walikuja, wakadonoa, wakaondoka. Wageni walicheka sana, na Niragira aliyaokota maharage hayo moja moja huku wakimtazama.

Deodata alilichukua bakuli. Alijua vizuri kwa nini maharage yale hayakuiva. Alijua kuliko mtu yeyote katika kijiji kizima, na kinywa chake kikafunguka kikasema kitu kingine kabisa.

"Kuni zako ni kavu?"

"Ni kavu, dada."

"Basi labda moto unaupunguza mapema. Usiupunguze. Na usifunuefunue chungu."

Niragira alishukuru kwa kupiga goti, kama alivyofundishwa kwao, akaenda zake na bakuli lake. Deodata alibaki mlangoni akimtazama mtoto wa watu anavyokwenda kuteketeza kuni bure. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Ukweli ulikuwa umesimama hatua chache tu kutoka mlango huo: bomba la kijiji, la chuma, limejengewa kwa saruji, na mfereji wa kupitishia maji yanayomwagika. Kwa ajili ya bomba hilo watu wa mjini waliacha jina la kijiji lililoandikwa ofisini, wakakiita Bombani. Ukisimama hapo unaliona boma la Mjerumani kule juu, na watu wa kule walikuwa wakishuka na ndoo zao kuomba maji. Kijiji cha ujamaa kikawa kinaombwa maji na mji! Wanakijiji walitembea vifua mbele.

Maji yenyewe yalitoka chini sana, kwenye kisima kilichochimbwa kwa mashine. Yalikuwa baridi, safi, na tangu yaje watoto waliacha kuharisha. Hilo hakuna aliyelibisha. Lakini yalikuwa maji magumu. Sabuni uliyoipata kwa kupanga foleni duka la kijiji, tena kipande tu, ilikatika ndani yake ikawa utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo. Birika liliota ganda jeupe kwa ndani kama limepakwa chokaa. Na maharage, mpenzi msomaji, maharage yalichemka asubuhi, yakachemka mchana, yakaangaliana na mpishi wake jioni bila hata moja kupasuka.

Isipokuwa ya Deodata. Maharage ya mke wa mwenyekiti yaliiva, yakalainika, yakatoa mchuzi mzito. Kila mgeni aliyekula kwa Mwenyekiti Ansbert alikwenda kusimulia. Ansbert mwenyewe akisikia wanawake wananung'unika bombani alikuwa na jibu moja: "Mbona kwangu yanaiva? Bomba ni hili hili moja. Tusisingizie maji, tusingizie uvivu." Wanaume wakalichukua neno hilo wakalipeleka majumbani mwao, na huko lilifanya kazi ambayo Ansbert hakuiona.

Hakujua kwamba maharage yake yaliyoiva hayakuwahi kuonja maji ya bomba.

*

Bondeni nyuma ya kijiji kulikuwa na iriba, chemchemi ya tangu enzi za mababu, yenye maji laini kama maji ya mvua. Kijiji kizima kiliyanywa mpaka mwaka ule ambao kuhara kulipita na kuchukua watoto. Kwa Ansbert kulimchukua Clotilda, binti yao wa pekee, aliyekuwa akianza kuimba nyimbo za kanisani bila kuyajua maneno. Bwana Afya alikuja akaitazama chemchemi, akaona ng'ombe wanavyoingia, akatikisa kichwa.

Ansbert hakulia mbele za watu. Alikwenda wilayani akaomba maji. Akafukuzwa, akarudi, akaambiwa subiri mlangoni, akasubiri, akaitwa msumbufu, akaitikia. Kisima kilipokubaliwa, alikuwa wa kwanza kushika sururu kuchimba mtaro wa bomba, na wa mwisho kuiweka chini. Siku maji yalipotoka aliyakinga kwa viganja, akayaangalia mpaka yakaisha vidoleni. Kisha kijiji kikapitisha sheria: atakayechota maji iriba atatozwa faini. Kuvundika mihogo kwenye madimbwi ya chini ruksa, kuchota hapana.

Jioni ya siku ile maji yalipotoka, Deodata aliinjika maharage kwa maji ya bomba. Yalikataa. Ansbert alikula kimya, akiyasaga kwa magego, halafu akasema taratibu, "Labda ni mbegu." Deodata aliuona uso wa mumewe, na alfajiri yake akashuka bondeni na tenga la mihogo. Ndani ya tenga, chini ya mihogo iliyovundikwa, alificha kibuyu cha maji ya iriba. Mihogo iliyotoka dimbwini huchuruzika maji njia nzima, nani angeuliza kwa nini tenga la Deodata linachuruzika? Jioni maharage yakaiva. Ansbert alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Unaona?" alisema. "Ilikuwa mbegu!"

Baada ya hapo angeanzia wapi kumwambia? Uongo wa mapenzi nao ni uongo, hukua kama mwingine wowote, na unataka kulishwa. Deodata akawa mvundika mihogo kuliko wanawake wote wa Biharamulo.

*

Vita vilipokuja, mambo mengi yaliadimika, yakabaki maneno. Nduli alikuwa amevamia Kagera, redio ilisema, na vijana wa mgambo walikuwa wakikusanywa kila kijiji. Audax, mtoto wa Deodata aliyebaki, alikuwa miongoni mwao. Lori lingewapitia Jumamosi mchana. Kijiji kiliitwa mkutanoni kupanga chakula cha kuwaaga.

"Ugali na maharage," alisema Leonidas, mkufunzi wa mgambo, mtu wa maneno machache. "Washibe. Huko mbele hatujui watakula nini."

Ndipo Bukuru aliposimama. "Ndugu Mwenyekiti, wake zetu tunawajua. Wakipika wao, vijana wataenda vitani na changarawe tumboni. Mimi napendekeza apike Mama Audax. Maharage yake tunayasikia sifa."

Watu walipiga makofi. Deodata, upande wa wanawake, hakupiga makofi. Alimtazama mumewe akiomba kimoyomoyo akatae. Lakini Ansbert alikuwa amesimama, anatabasamu, amependeza katika shati lake la mikutano.

"Nakubali kwa niaba yake," alisema. "Tena atapika hadharani, pale pale bombani, kila mwanamke aone. Elimu haina mwisho."

Jioni ile Deodata alijaribu. Alimkuta Ansbert bombani, anasugua chuma kwa kitambaa kama alivyozoea, akiondoa ule weupe uliokuwa ukiganda mdomoni mwa bomba.

"Baba Audax, kuhusu maharage ya Jumamosi..."

"Usihofu, utaweza."

"Siyo hilo. Kuna jambo la maji..."

"Unajua ninalowaza?" Ansbert hakuwa amemsikia. "Clotilda sasa angekuwa msichana wa kusimama hapa na ndoo yake. Kila nikiona mtoto anakunywa hapa, najiambia, huyu hatakufa. Nikifa mimi, waniandikie hilo tu."

Deodata alikishika kile kitambaa, akamsaidia kusugua. Maneno aliyokuwa nayo aliyameza.

*

Jumamosi kukawa na jua kali. Pipa lililokatwa nusu lilikalishwa juu ya mafiga makubwa, mita chache kutoka bombani. Maharage ya kijiji kizima yalikuwa yamelowekwa usiku kucha kwa maji ya bomba. Kibuyu kimoja kingefanya nini kwenye pipa lile? Deodata alijua tangu anawasha moto. Alipiga ishara ya msalaba, akakoroga.

Niragira alikuja kusaidia moto bila kuitwa. "Nimekuja nijifunze, dada," alisema, na kuni zake mgongoni. Deodata alitamani ardhi ipasuke.

Maji yalichemka. Povu lilipanda, likaenguliwa, likapanda tena. Wanawake walikaa kwa duara wakitazama, wengine wanaandaa ugali, wengine hawaandai chochote. Walikuwa wamekuja kuona. Jua lilifika kichwani, na mwiko kila ulipozamishwa ulirudi na sauti ile ile ya kokoto.

Lori lilifika. Vijana walijipanga mstari na sahani zao. Leonidas alitazama saa yake, akatazama pipa. Bukuru yeye alisogea mpaka karibu na moto.

"Vipi, Mama Audax? Au nayo yanataka kupewa cheo kwanza?"

Watu walicheka kwa mikono mdomoni. Deodata aliendelea kukoroga.

Audax alitoka kwenye mstari. Kofia yake ya mgambo ilikuwa kubwa, imemshukia mpaka kwenye nyusi. Alichukua mwiko mkononi mwa mama yake, akachota maharage mawili, akayatia mdomoni. Akatafuna. Kule kutafuna kulisikika mpaka kwa wenye sahani.

"Yameiva, mama," alisema Audax kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Matamu kama ya nyumbani."

Akameza. Machozi yalimlenga Deodata. Mtoto aliyemlea kwa ukweli alikuwa anadanganya mbele ya kijiji, kwa upendo, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Alijifunza wapi utulivu ule? Deodata alijua. Alijiona mwenyewe pale, na tenga lake kichwani.

Ansbert alikuja haraka. Jasho lilikuwa limelowesha shati la mikutano. Alionja moja, akalitema mkononi kwa siri. Alitazama huku na huku kama mtu aliyedondosha kitu, na macho yake yakamwangukia aliyekuwa karibu na moto.

"Nani kaleta kuni?"

"Mimi, baba," alisema Niragira.

"Ndiyo maana! Kuni mbichi. Binti, umetuaibisha mbele ya vijana wanaokwenda kufa kwa ajili yetu. Bukuru, mke wako huyu..."

"Nilijua," alisema Bukuru. "Leo atarudi kwao Kanazi."

Niragira hakujitetea. Alianza kuzitoa kuni motoni moja moja, kwa mikono mitupu, kuni kavu kabisa, zinazowaka vizuri. Hilo ndilo Deodata alishindwa kulivumilia.

"Ziache," alisema. "Ziache, mdogo wangu, utaungua. Siyo kuni."

"Mama Audax," Ansbert alisema chini chini.

"Siyo kuni, siyo mbegu, siyo uvivu wa mtu. Ni maji ya bomba." Aliinua kichwa. "Maji haya hayaivishi maharage. Hayajawahi kuivisha ya mtu yeyote hapa, wala yangu. Yangu nayapikia maji ya iriba. Nayachota alfajiri, nayaficha chini ya mihogo. Niragira alikuja kwangu kwa heshima kuuliza, nikamwambia aongeze moto. Nimewaacha mnaitwa wavivu na mimi nakaa kimya nikisifiwa. Ninyi nyote mnisamehe. Wewe Niragira kwanza."

Alipiga goti mbele ya yule binti, mwanamke mzima, mke wa mwenyekiti, majivu yakimchafua kitenge. Hakuna aliyecheka. Kuna ujasiri wa kwenda mbele na bunduki, na vijana wale walikuwa nao, Mungu awarehemu. Huu wa Deodata ulikuwa wa namna nyingine, na nadhani si haba.

Ansbert alikuwa amesimama palepale.

"Iriba ile?" aliuliza.

"Ile ile."

"Ile iliyomchukua Clotilda?"

"Ile ile, baba Audax. Nilikuwa nayachemsha pamoja na maharage. Ya kunywa, hata tone, sikuwahi kumpa mtu. Ya kunywa ni ya bomba lako."

Ansbert aligeuka. Aliliokota debe tupu lililokuwa pembeni ya bomba, akaupita umati, watu wakimpisha, akapotea nyuma ya nyumba.

*

Niragira ndiye aliyesogea kwanza. Alimwinua Deodata kwa viwiko, akampangusa goti.

"Dada," alisema, "mimi nina majivu."

"Majivu?"

"Ya maganda ya ndizi. Mama alinipa kibuyu nilipoolewa. Kwetu Kanazi mahalage ya zamani, yakikataa, tunayachujia majivu. Yanakubari." Alimtazama mumewe, halafu akaamua. "Bukuru alinikataza. Alisema yeye si masikini wa kulishwa majivu."

Wanawake waligeuka wakamtazama Bukuru, wote, bila haraka. Bukuru akakumbuka kwamba alitaka kuongea na dereva wa lori.

"Mbona hata mimi ninayo kidogo," alisema Marsiana, jirani wa upande wa pili, mwanamke mwenye kujisikia ambaye hakuna aliyemdhania. "Nafulia shuka. Usiku, msinione."

"Kumbe na wewe!" mwingine akadakia, na kicheko kikapasuka. Zikaletwa hadharani aibu za kila nyumba: kibuyu cha majivu kutoka huku, kopo kutoka kule. Kila mwanamke alikuwa amelipigania bomba lile peke yake jikoni mwake, mlango umefungwa, akidhani ni yeye tu. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini lazima mmoja aanze kulisema.

Niragira sasa ndiye aliyekuwa mpishi. Alitandika kitambaa juu ya ndoo, akamwaga majivu, akayapitishia maji polepole mpaka yakachuruzika ya rangi ya chai. Maji ya zamani wakayamwaga nusu, haya yakaingia. Muda si mrefu pipa lilianza kutoa harufu nyingine. Leonidas alikwenda kwa dereva, wakaongea, akarudi.

"Lori lina tatizo la tairi," alisema bila kucheka. "Litachukua muda."

Kila mtu aliyaona matairi ya lori, mazima yote. Leonidas akapewa kigoda.

Maharage yalianza kupasuka; mwanamke mmoja alisema, wengine wakainama kuona. Yalikuwa na ukakasi kidogo wa majivu, lakini yalilainika. Vijana wakala. Audax alirudia, na safari hii hakusema kitu, alikula tu, na mama yake alisimama mbele yake akimtazama mpaka sahani ikaisha.

Walipokuwa wanapanda lorini ndipo mtu aliponyoosha kidole.

Ansbert alikuwa anapanda kutoka bondeni na debe la maji kichwani. Mwenyekiti! Mwanamume katika nchi ile hakuwa akibeba maji kichwani; akiyabeba sana, basi kwa baiskeli. Alikuwa ameinua mikono yote miwili kulishikilia, shingo imekakamaa, na kila hatua ilimwagia maji begani. Shati la mikutano liligandana na mgongo. Kijana mmoja lorini alianza kucheka, Audax akamgeukia, akanyamaza.

Ansbert alipita katikati ya watu mpaka kwenye moto, akalitua debe kwa kelele, maji yakamruka miguuni. Alihema kwanza.

"Nimechota iriba," alisema. "Sheria niliiandika mimi. Nitozeni faini." Alipangusa uso kwa kiganja. "Niragira, binti yangu, kuni zako zilikuwa kavu. Nilisema uongo. Na neno lile la uvivu lilitoka kinywani mwangu, nalirudisha kinywani mwangu. Wanaume wenzangu waliolichukua, wakalifute huko walikolipeleka."

Kisha alimgeukia mkewe, na sauti ikashuka.

"Kile kilima kule mwisho. Penye utelezi. Unapandaje pale na mzigo?"

"Napanda tu."

"Miaka yote hii. Ili mimi nisijue." Alitazama bomba lake, na uso wake ulikuwa na uchungu, lakini hasira Deodata hakuiona. "Hili linanywesha watoto. Sikukosea."

"Hukukosea, baba Audax. Halijui maharage tu."

Lori lilinguruma. Audax aliinua kofia yake kubwa, akaipunga, na wote wawili wakapunga mpaka vumbi la barabara lilipotulia. Walipogeuka, Deodata aliona mstari mwekundu kwenye paji la uso wa mumewe, mahali kitako cha debe kilipokwaruza ngozi. Alikuwa amelibeba bila kutandika kitu kichwani. Hakujua, maskini; maishani mwake hakuwa amelazimika kujua.

Deodata aliifungua kanga yake ya begani, akaisokota, akaizungusha mpaka ikawa ngata nzuri, ya mviringo, imara. Aliijaribisha juu ya kichwa cha mwenyekiti, mbele ya kijiji chote, akaibonyeza kidogo ikae.

"Kesho ukienda," alimwambia, "anza na hii."